Ombasha Halide: mwandishi aliyemtii Pasha mpaka alipokataa

Wazee waliobeba bunduki za Mjerumani Tanganyika walikuwa na vyeo vyao: ombasha, shaushi, afande. Hakuna hata kimoja kilicho cha Kijerumani. Vilifika pwani mwaka 1889 pamoja na wanajeshi wa Kisudani ambao Hermann von Wissmann aliwaandikisha Misri, na Misri ilikuwa imejifunza uaskari kwa Waturuki. Onbaşı ni mkuu wa watu kumi. Çavuş ni sajini. Efendi, bwana, ndiye huyu huyu afande tunayemwamkia mpaka leo pale kituo cha polisi.

Naanza na vyeo kwa sababu mwaka 1921, karibu na mto Sakarya katikati ya Uturuki, cheo cha ombasha alipewa mwanamke. Hakuwa askari. Alikuwa mwandishi wa riwaya na wa magazeti, mama wa watoto wawili wa kiume, na aliyempa cheo ni Mustafa Kemal Pasha, yule ambaye baadaye dunia ilimjua kama Atatürk. Waturuki wakamwita Halide Onbaşı. Jina lake kamili lilikuja kuwa Halide Edib Adıvar.

Ugumu wake unaanza pale unapotafuta habari zake. Vitabu vya historia vya Uturuki vinamweka juu ya jukwaa uwanja wa Sultanahmet mwaka 1919, amevaa nguo nyeusi, akihutubia umati chini ya minara sita ya msikiti. Hotuba ndefu ya Atatürk ya mwaka 1927 inamweka miongoni mwa waliotaka nchi iwe chini ya Marekani. Waarmenia wanamkumbuka kwa kituo cha yatima kilichokuwa milima ya Lebanoni. Na serikali ya Sultan ilimhukumu kifo. Mtu ni yule yule, tena mambo haya yote yalitokea ndani ya miaka kama kumi na moja hivi. Ukishika pande moja tu, utapata shujaa au msaliti, na hutakuwa umemjua.

Alizaliwa Istanbul mwaka 1884, ingawa wapo wanaorudisha nyuma mwaka mmoja au miwili. Baba yake, Mehmed Edib, alikuwa karani katika hazina ya jumba la Sultan Abdülhamid II. Bwana huyu alihusudu malezi ya Kiingereza. Wakati watoto wenzake mtaani walipendeza kwa vitambaa vya rangi na kula peremende watakavyo, Halide alivalishwa gauni la kitani nyeupe wakati wa joto na la buluu iliyokolea wakati wa baridi, na chakula chake kilipimwa. Mama yake alifariki kwa kifua kikuu Halide akiwa bado mdogo sana. Bibi yake ndiye aliyemlea kwa hadithi, kwa dua na kwa Kituruki cha mtaani, kile ambacho baadaye kilizifanya riwaya zake zisikike kama mtu anayezungumza.

Baba alioa tena, kisha akaongeza mke mwingine juu ya yule. Katika kumbukumbu zake Halide anaieleza nyumba hiyo bila kupiga kelele, na ndiyo maana maelezo yake yanauma. Hawagombani wake wenza peke yao. Watumishi wanagawanyika, watoto wanajifunza kusoma nyuso kabla ya kuingia chumbani, na kila zawadi ya mzee inapimwa kwa jicho la upande wa pili. Msomaji wa pwani hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Alisomeshwa katika skuli ya Wamarekani ya wasichana iliyokuwa Üsküdar, upande wa Asia wa Istanbul, na mwaka 1901 akawa miongoni mwa Waturuki wa kwanza Waislamu wa kike kuhitimu pale. Mwaka huo huo aliolewa na mwalimu wake wa hesabu, Salih Zeki, bingwa wa sayansi aliyewahi kuongoza kituo cha kutazamia nyota cha Istanbul. Alimsaidia mumewe kuandaa kamusi ya hisabati. Mtoto wao wa pili walimpa jina la Togo, kwa heshima ya admirali Mjapani aliyezizamisha manowari za Urusi mwaka 1905. Ndivyo watu wa kizazi chao walivyokuwa: habari ya vita ya upande wa pili wa dunia iliweza kumpa mtoto jina.

Julai 1908 maofisa vijana walimlazimisha Sultan kuirudisha katiba aliyokuwa ameizima kwa miaka thelathini. Neno lililokuwa midomoni mwa watu ni hürriyet, ambalo mzizi wake wa Kiarabu ndio ulioipa lugha yetu neno uhuru. Magazeti yalifumka kama uyoga. Katika gazeti moja jipya, Tanin, zikaanza kuonekana makala za mwanamke aliyetia sahihi Halide Salih, yaani Halide wa Salih. Aliandika kuhusu elimu ya wasichana na haki za wanawake. Barua za vitisho zikamfuata, na Aprili 1909, wahafidhina na askari waasi walipoiteka Istanbul kwa siku chache, jina lake lilikuwa kati ya wanaotafutwa. Akachukua watoto akakimbilia Misri, kisha Uingereza. Maasi yalipozimwa akarudi.

Hapo ndipo Salih Zeki alipotaka kuoa mke wa pili. Sheria ilimruhusu. Halide aliyajua maisha hayo tangu utotoni, na mwaka 1910 akadai talaka, akaipata, akaugua kwa miezi. Wasomaji wa magazeti waliliona jambo hilo mahali padogo mno, chini ya makala: sahihi ilikuwa imebadilika. Sasa iliandikwa Halide Edib, jina la baba. Nadhani hakuna makala aliyoandika juu ya ukewenza iliyosema mengi kuliko sahihi ile.

Vita Kuu ya Kwanza inalo fundo ambalo wanaompenda Halide hulipita haraka. Mwaka 1916 Cemal Pasha, mtawala wa kijeshi wa Syria, alimwita akapange skuli za Beirut, Damascus na kwingineko. Moja ya sehemu alizosimamia ni kituo cha yatima cha Antoura, ndani ya chuo kilichokuwa cha mapadri Wafaransa. Watoto wengi mle walikuwa Waarmenia, wazazi wao wameuawa au wamefia njiani katika uhamisho wa mwaka 1915. Walipewa majina ya Kiislamu na kulazimishwa kuacha lugha yao. Baadhi ya walionusurika waliandika mambo yale walipokuwa wazee. Halide naye ameandika: anasema alimpinga Cemal kuhusu majina, na kwamba kabla ya hapo alizungumza hadharani mjini Istanbul dhidi ya waliyotendewa Waarmenia, wakubwa wa chama tawala wakamkasirikia. Hakuna haja ya kumwona mwongo. Lakini alikubali kazi, akaifanya, na kituo kilifanya kilichokuwa kimekusudiwa. Mtoto aliyepoteza jina lake pale hakujali nani alipinga mezani.

Akiwa kwenye safari hizo za Syria aliolewa mara ya pili, mwaka 1917, na Dkt. Adnan, tabibu na mwanasiasa. Ndoa ilifungwa Bursa kwa uwakili wa baba yake, bibi harusi akiwa mbali.

Oktoba 1918 Dola ya Uthmaniya ilikubali kushindwa. Manowari za washindi zikatia nanga mbele ya Istanbul, na tarehe 15 Mei 1919 jeshi la Ugiriki likashuka Izmir. Siku nne baadaye, tarehe 19, Mustafa Kemal alishuka kwenye meli bandari ya Samsun, na historia rasmi ya Uturuki inaanzia hapo. Ndivyo anavyoianza yeye mwenyewe hotuba yake ya mwaka 1927: siku ya 19 Mei 1919 nilishuka Samsun. Lakini siku hiyo hiyo, mtaa wa Fatih mjini Istanbul, Halide alikuwa amesimama mbele ya watu akiwaambia wasikubali. Siwezi kuiona tarehe ile bila kuwaza meli na jukwaa kwa pamoja.

Mkutano mkubwa kuliko yote ulikuwa Sultanahmet, tarehe 23 Mei. Ndege za washindi zilipita chini chini juu ya vichwa vya watu kuwatia hofu. Alisema maneno ambayo Waturuki wanayajua mpaka leo: watu wa mataifa ni rafiki zetu, serikali zao ni adui zetu. Kwa saa ile, ni kauli ya ajabu. Angeweza kuwapa umati chuki na umati ungeipokea. Aliwapa mstari wa kutenganisha Mgiriki wa mtaani na serikali ya Athens, Mwingereza wa kawaida na wizara ya London.

Haikutimia miezi mitatu baada ya hotuba hiyo, mtu huyu huyu aliandika barua iliyomfuata hadi kaburini. Tarehe 10 Agosti 1919 alimwandikia Mustafa Kemal akimshauri kwamba njia yenye madhara machache ni kuomba udhamini wa Marekani.

Sisi tunayo bahati mbaya ya kulielewa neno hilo vizuri. Mkataba wa Shirikisho la Mataifa, lile lililoutangulia Umoja wa Mataifa, ulikuwa na ibara ya 22. Ibara hiyo iligawa nchi za walioshindwa katika madaraja. Daraja la kwanza lilikuwa la nchi zilizotoka kwa Mturuki, kama Syria na Irak, ambazo zingeshikwa mkono kwa muda mpaka zisimame. La pili lilikuwa la Waafrika wa makoloni ya Mjerumani, ambao hata ahadi ya kusimama hawakupewa. Kwa ibara hiyo Tanganyika ilikabidhiwa Uingereza, na Ruanda-Urundi ikaenda kwa Wabelgiji. Kwa hiyo Halide alipoandika neno manda kwa Kituruki, alikuwa akitaja chombo kile kile ambacho babu zetu walitiwa ndani bila kuulizwa.

Mbona akiombe mtu aliyetoka kuhutubia umati juu ya uhuru? Isome barua kwa macho ya Agosti 1919. Jeshi limevunjwa, hazina tupu, Wagiriki wako Izmir, Wafaransa kusini, Waitaliano Antalya, Waingereza wanashika Istanbul na kila mmoja ana ramani mfukoni. Marekani peke yake haikuwa na kipande ilichokitaka. Hoja yake kwa lugha ya kwetu ni hii: kama lazima nyumba ipate mpangaji, basi awe yule asiye na ndugu mtaani. Alimtaja hata Mfilipino, akiamini Mmarekani alikuwa amemfundisha kujitawala. Hapo aliteleza vibaya, kwani Ufilipino ilikuwa imemwagiwa damu nyingi kabla ya hayo mafunzo. Aliyasadiki ya skuli aliyosomea.

Na hakuwa peke yake. İsmet, yule aliyekuja kuwa rais wa pili wa Uturuki, aliiunga mkono fikra hiyo hiyo kwa barua mwezi ule ule. Mkutano wa Sivas wa Septemba 1919, chini ya uenyekiti wa Mustafa Kemal, uliijadili siku nyingi, na haukuifungia mlango moja kwa moja. Ulituma barua kwa Seneti ya Marekani kuomba ije tume ya uchunguzi. Mwishowe Wamarekani wenyewe hawakutaka. Seneti yao iliukataa hata mkataba wa Versailles. Mwaka mmoja kamili baada ya barua ya Halide, tarehe 10 Agosti 1920, wajumbe wa Sultan walitia saini mkataba wa Sèvres uliokatakata nchi. Kilichokuwa kikiogopwa kilikuwa kimefika, na udhamini wa Mmarekani ulikuwa umeshasahaulika.

Wakati huo Halide hakuwa Istanbul tena. Tarehe 16 Machi 1920 Waingereza waliukalia mji rasmi na kuanza kukamata wazalendo. Yeye na Adnan walijificha kwenye zawia ya masufi wa Kiuzbeki kilimani Üsküdar, iliyokuwa kituo cha siri cha kutorosha watu na silaha. Kutoka hapo walipita njia za vijijini mpaka kwenye reli ya kwenda Ankara. Njiani waliungana na mhariri Yunus Nadi, na humo safarini waandishi hawa wawili wakajadili jambo lililowauma wote: mwanakijiji wa Anatolia hasikii habari ila zile za Sultan na za Waingereza. Wakakubaliana kuunda shirika la habari, wakachagua na jina lake. Tarehe 6 Aprili 1920 likaanza Ankara: Anadolu Ajansı, lipo hadi leo. Taarifa zake zilitumwa kwa simu ya maandishi kila palipokuwa na waya, na pasipo na waya zikabandikwa uani mwa misikiti ili anayejua kusoma awasomee wenzake baada ya swala.

Mwezi Mei mahakama ya kijeshi ya Istanbul ikatoa hukumu ya kifo bila wao kuwepo. Majina yalikuwa machache: Mustafa Kemal, Dkt. Adnan, wengine kadhaa, na Halide, mwanamke pekee kwenye orodha ile.

Katika makao makuu, yaliyokuwa kwenye jengo la skuli ya kilimo nje ya Ankara, kazi yake ilikuwa ya ofisini: kusoma magazeti ya Ulaya, kutafsiri, kuandika barua kwa taipureta. Huko ndiko anakoeleza tukio moja ambalo, kwangu mimi, ndilo ufunguo wa yote yaliyofuata. Jioni moja Mustafa Kemal alisema wazi kwamba hataki ushauri wala ukosoaji wa mtu. Anataka amri yake ifuatwe. Kila mtu? Kila mtu, na wewe pia. Halide alimjibu kwamba atamtii maadamu anaamini anautumikia mwito wao. Pasha akarudia kwamba atamtii na kufanya atakavyo yeye. Halide akauliza kama hicho ni kitisho. Yule mkuu akalainika, akaomba radhi, mambo yakaisha kwa usiku ule.

Tazama kilichobishaniwa. Wote wawili wametamka neno kutii. Wanagombania kile kinachotangulia: mtu, au jambo ambalo mtu analitumikia. Miaka minne baadaye nchi nzima iliingizwa kwenye ubishi huo.

Lakini kwanza vita. Agosti 1921 Wagiriki walikuwa wamefika karibu sana na Ankara hata familia zikaanza kufunga mizigo. Halide aliomba kwenda mstari wa mbele, akakubaliwa, na hapo ndipo alipopewa uombasha. Pambano la Sakarya lilichukua siku 22. Mustafa Kemal alikuwa ameanguka farasi na kuvunjika ubavu, akaongoza akiwa kitini, usiku kucha akisubiri simu za makamanda. Halide alikaa vyumba vile vile, akasikiliza, akakumbuka. Baadaye alitumwa na tume iliyopita vijiji vilivyochomwa na jeshi lililorudi nyuma, kuandika nani amekufa na nini kimeteketea. Baada ya ushindi wa mwaka 1922 alipanda hadi sajini meja.

Riwaya yake ya vita, Ateşten Gömlek, yaani Shati la Moto, ilitoka mwaka 1922 wakati bunduki bado zinafuka. Ilipofanywa sinema mwaka 1923, ndipo kwa mara ya kwanza wanawake Waislamu wa Kituruki walipoonekana katika filamu ya nchi yao.

Jamhuri ilitangazwa 29 Oktoba 1923. Mwaka uliofuata makamanda kadhaa wa vita vya ukombozi, pamoja na Dkt. Adnan, waliunda chama cha upinzani, Chama cha Jamhuri cha Maendeleo. Walitaka mamlaka yagawanywe na mageuzi yaende kwa mwendo ambao watu wangeufuata. Halide hakuwa na kiti bungeni, mwanamke hakuruhusiwa. Alikuwa nyuma ya chama kwa kalamu na kwa ndoa. Februari 1925 yakazuka maasi ya Sheikh Said mashariki. Machi ikapitishwa sheria ya kulinda utulivu, magazeti yakafungwa, na kufikia Juni chama kilikuwa kimepigwa marufuku. Halide na Adnan waliondoka nchini. Mwaka 1926, walipokamatwa watu kwa njama ya kumuua Mustafa Kemal mjini Izmir, Adnan alishtakiwa akiwa hayupo, akaachiwa huru, wengine walinyongwa. Kurudi ilikuwa haiwezekani.

Na hapa pana fundo la uchungu wa aina yake. Mwaka huo huo wa 1926 Uturuki ilipitisha sheria mpya ya kiraia iliyochukuliwa Uswisi. Ukewenza ukapigwa marufuku. Mwaka 1934 wanawake wakapata kura ya bunge, na katika uchaguzi uliofuata wanawake 17 wakachaguliwa. Yale aliyoyapigania tangu Tanin yaliletwa, kwa amri, na mtu aliyemkimbia, naye akayasoma magazetini akiwa Ulaya. Wapo wanaosema angekaa kimya angekuwa waziri. Labda. Ila mtu aliyekulia nyumba ya wake wenza anajua kwamba mzee anaweza kuwa mkarimu sana na bado neno likabaki lake peke yake.

Sheria ya majina ya ukoo ya 1934 nayo iliwakuta nje. Jina walilochukua ni Adıvar. Maana yake: jina lake lipo.

Mwaka 1927, kuanzia tarehe 15 hadi 20 Oktoba, Mustafa Kemal alisoma mbele ya chama chake hotuba iliyochukua zaidi ya saa 36. Waturuki wanaiita Nutuk. Ni simulizi ya ukombozi kama alivyotaka ikumbukwe, na ndani yake aliisoma barua ya Halide ya 10 Agosti 1919. Alikuwa na haki ya kuisoma. Ni barua ya kweli. Lakini barua iliyoandikwa gizani ilisomwa mchana, mbele ya watu waliokwisha kujua mwisho wa hadithi, na barua za kina İsmet hazikuwasumbua wenyewe, maana wao walikuwa wamebaki upande wa mzungumzaji.

Mwaka 1928 kikatoka London na New York kitabu cha pili cha kumbukumbu za Halide, The Turkish Ordeal. Alikiandika kwa Kiingereza. Ndani yake yupo Mustafa Kemal mwenye akili kali, anayechosha, anayecheka, anayetisha. Yupo kwenye kiti na ubavu uliovunjika. Yupo jioni ile ya kutii na kutotii. Pia wapo wengi wengine ambao Nutuk inawapita: wakulima, madereva wa mikokoteni, wauguzi. Wengi wamekisoma kama jibu kwa hotuba ya Pasha. Kwa lugha aliyoiandikia, watu wake wenyewe hawakuweza kumsikia. Mwaka huo huo wa 1928 Uturuki ikaacha herufi za Kiarabu ikachukua za Kilatini, na riwaya zake za zamani nazo zikaanza kuwa maandishi ambayo watoto wa skuli hawawezi kuyasoma.

Miaka ya uhamishoni nitaipitia kwa haraka. Paris na London ndiko walikokaa zaidi, na Marekani alifundisha na kuhutubia. Mwaka 1935 alialikwa Delhi na Dkt. Ansari, kiongozi wa Waislamu wa India aliyewahi kuwaletea Waturuki msafara wa matabibu wakati wa vita vya Balkan. Alihutubia chuo cha Jamia Millia, akakutana na Gandhi, akaandika kitabu kizima kuhusu India. Mwaka huo pia ilitoka riwaya yake inayopendwa kuliko zote, kwanza kwa Kiingereza, kisha kwa Kituruki kama Sinekli Bakkal. Ni habari ya Rabia, binti wa mchekeshaji wa mtaani, anayesoma Kurani kwa sauti inayowaliza watu, katika Istanbul ya Abdülhamid. Mwaka 1942 riwaya hiyo ilipewa zawadi na chama tawala, chama kile kile cha Atatürk.

Hilo liliwezekana kwa sababu Atatürk alifariki 10 Novemba 1938 na İsmet akashika nchi. Halide na Adnan walirudi mwaka 1939. Akapewa kiti cha fasihi ya Kiingereza Chuo Kikuu cha Istanbul. Mwaka 1950, upinzani uliposhinda uchaguzi kwa mara ya kwanza, aliingia bungeni kutoka Izmir, mgombea huru juu ya orodha ya Chama cha Demokrasia. Ilikuwa miaka arobaini na miwili tangu makala ya kwanza katika Tanin, na ndiyo mara yake ya kwanza kushika kiti cha siasa. Hakuipenda. Washindi wapya walikuwa wanaanza kuzoea kutawala bila kuulizwa, na mwaka 1954 akaaga kwa makala ya gazeti. Alifariki Istanbul tarehe 9 Januari 1964.

Kabla ya hapo alifanya jambo moja zaidi na kumbukumbu zile. Mwaka 1962, akiwa mzee, alizitoa upya kwa Kituruki kwa jina Türkün Ateşle İmtihanı, Mtihani wa Mturuki kwa Moto. Kilichotoka hakikuwa tafsiri ya kile cha 1928. Tangu mwaka 1951 ilikuwapo sheria ya kumwadhibu anayeitukana kumbukumbu ya Atatürk, na Halide alikuwa amezeeka, na pengine hasira ilikuwa imepoa. Kwa hiyo sehemu nyingi zilizomkosoa Pasha zimekatwa au kupakwa asali. Kijana wa Ankara anayekinunua kitabu hicho anamkuta ombasha mtiifu kuliko yule aliyesomwa London.

Anayetaka kumjua aanze na cha Kiingereza, kisha afungue cha Kituruki kando yake, na kila anapofika mahali mistari inaporuka, aweke kidole asome tena.